Alichosema Casey Jikoni

Veldon, Ohio
4 Oktoba 1983

Dada Irene,

Huku hatujambo, ila baridi imewahi mwaka huu. Dolores anakusalimu, na anasema kabeji ya kuchachusha uliyomfundisha imemharibikia tena, kwa hiyo kuna kitu ulimficha. Kifua cha shemeji Walter kinaendeleaje? Hewa kavu ya jangwani imemsaidia, au ni maneno ya madaktari tu? Kiwanda cha chuma kimezima tanuri la mwisho. Jumapili kanisani mimi na Dolores tulikaa benchi zima peke yetu.

Nimetimiza miezi sita katika kiti cha mkuu wa polisi. Picha ya baba bado ipo juu ya mlango wa ukumbi wa chama cha askari, mwanzilishi nambari moja, amekunja uso vilevile. Kila nikipita chini yake najiona nimechelewa kurudi nyumbani.

Sasa lililonifanya niandike, maana kwenye simu utanikatiza. Tarehe tisa mwezi uliopita, jioni, dereva wa mabasi ya mji, mtu mweusi aitwaye Alvin Teague, alikuwa akirudi kwake kwa miguu baada ya zamu, sare bado mwilini. Askari Roy Petrak alimsimamisha. Wakabishana juu ya kitambulisho, na Petrak akampiga kwa ile tochi ndefu ya chuma. Jicho la kushoto limekwenda. Mtu wa jicho moja hapewi basi, dada. Miaka kumi na sita ya kazi imeishia pale.

Nimemfukuza Petrak. Hata barua haijafika kwake, Frank Dunleavy, mwenyekiti wa chama, alikuwa ameshaingia ofisini kwangu na kukaa bila kukaribishwa. Hakupandisha sauti. Alisema, "Lenny, wakuu wa polisi huja na kuondoka. Sisi tupo."

Aliyekuwa garini na Petrak jioni ile ni Casey. Mwanao ameandika kwamba alikuwa kwenye redio, ameupa mgongo ugomvi, hakuona kitu. Nikikutana naye koridoni ananipigia saluti kama mgeni. Mwandikie. Wewe anakusikiliza.

Ndugu yako,
Leonard

—

Tucson, Arizona
25 Oktoba 1983

Mdogo wangu Leonard,

Barua yako nimeipata, na mwambie Dolores kabeji haitaki haraka wala chumba chenye joto, hakuna siri nyingine. Walter anapumua vizuri asubuhi, jioni si sana. Jirani ametuletea machungwa ya mti wake, hatuyamalizi. Mimi nimeanza kushona tena, vidole vikikubali.

Wewe ulikuwa na miaka minane mwaka ule wa hamsini na moja, labda hukumbuki. Baba alimwandikia faini shemeji wa meya kwa kuegesha gari mbele ya bomba la zimamoto. Siku ya pili hakuwa na kazi. Hakuna aliyemuuliza, hakuna aliyemsikiliza. Mama alifua nguo za watu mpaka ngozi ya mikono ikapasuka. Ndipo baba na wenzake wanne wakakaa jikoni kwetu, mimi nikiwapikia kahawa, wakaandika majina yao kwenye karatasi. Chama kilizaliwa mezani kwetu, Leonard. Kilimrudisha baba kazini. Kilikulipia wewe hata masomo.

Sisemi Petrak ni mtu mzuri. Nasema tu, ukiushika mti huo ukautikisa, jua ni nani aliyeupanda.

Casey alipiga simu Jumapili. Sauti yake ilikuwa na mafua. Anasema amepaka rangi ngazi za nyumba ya baba yetu, anamokaa. Hatukuzungumza mambo ya kazi.

Vaa sweta.
Irene

—

Veldon
27 Novemba 1983

Dada Irene,

Batamzinga wa Sikukuu ya Shukrani alikuwa mkavu, lakini tulimla. Kiti cha Casey kilikaa kitupu. Alimwambia Dolores kwamba yuko zamu, na mimi ndiye ninayeidhinisha orodha ya zamu, kwa hiyo najua hakuwepo.

Kesi ya Petrak itasikilizwa Februari. Si mahakamani. Mkataba wa chama na mji unasema askari aliyefukuzwa ana haki ya kwenda kwa msuluhishi, na neno la msuluhishi ndilo la mwisho. Mimi, meya na halmashauri nzima, hatuna rufaa. Tunapewa orodha ya majina saba, chama kinafuta moja, sisi tunafuta moja, mpaka libaki moja. Wasuluhishi hao huishi kwa kuchaguliwa tena, kwa hiyo hujitahidi kila upande uondoke na kipande chake.

Niliomba jalada la Petrak. Tuna hakika aliwahi kulalamikiwa mara nne, karani mzee wa masjala anayakumbuka hata majina ya waliolalamika. Jalada lina karatasi moja: pongezi ya kumwokoa mbwa mtoni. Mkataba unasema lalamiko likipita miaka miwili linatolewa na kuchomwa. Nilikaa nikiutazama ukurasa ule, kifungu cha kumi na tisa. Dada, kifungu hicho nilikiandika mimi. Mwaka wa sabini na nne nilikuwa kwenye kamati ya chama ya kujadili mkataba, kijana mwenye maneno mengi, nikamfikiria baba, jinsi walivyomtupia jalada lenye uzushi. Mji haukuwa na fedha za kutuongeza mshahara, ukatupatia vifungu badala yake. Tulisherehekea.

Nilikwenda kwa Teague. Mkewe, Odessa, alitupatia kahawa na keki ya viazi vitamu. Teague bado anaamka saa kumi alfajiri, anavaa sare, anakaa. Tulizungumza kama saa nzima.

Umemwandikia Casey? Hukunijibu.

Leonard

—

Tucson
8 Januari 1984

Mdogo wangu,

Nisamehe kimya. Walter alilazwa siku kumi, wakamtoa maji kwenye pafu. Amerudi, amekonda, anauliza matokeo ya mpira, ni dalili nzuri. Kadi ya Krismasi imefika. Dolores amekata nywele, zimempendeza.

Casey alikuja. Siku nne. Alimbeba baba yake kutoka kitandani mpaka kwenye kiti cha barazani na kumrudisha, kama mtu anavyobeba mtoto. Alirekebisha bomba la jikoni. Hakula vizuri. Siku ya mwisho, baba yake amelala, alikaa kwenye kistuli nilipokuwa nikimenya viazi, akaanza kusema, na aliposema akalia, na alipolia nikaacha kisu.

Leonard, wewe ni mdogo wangu na nilikulea mama alipokuwa akifua. Usiniulize. Alichoniambia jikoni kwangu kitabaki jikoni kwangu.

Nitakuambia kingine. Alikuwepo askari mmoja kwenu, jina silitaji, alisema ukweli juu ya mwenzake miaka mitatu iliyopita. Alikuta panya aliyekufa ndani ya kabati lake. Hilo dogo. Halafu akaita msaada kwenye redio, amezungukwa na watu watatu nje ya baa, na redio ikanyamaza. Kila gari lilikuwa "mbali". Unamjua. Siku hizi anauza bima.

Mimi nina mtoto mmoja.

Irene

—

Veldon
2 Machi 1984

Irene,

Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo salamu zitakuwa fupi. Tuko hai. Mwombee Walter nafuu kwa niaba yetu.

Petrak amerudi kazini. Msuluhishi, mzee mpole mwenye kikohozi, aliandika kurasa thelathini. Anakubali Teague alipigwa. Anakubali haikuwa lazima. Lakini miaka tisa iliyopita kapteni mmoja alimvunja mtu mbavu akasimamishwa siku ishirini tu, kwa hiyo kumfukuza Petrak ni kumwonea. Isitoshe jalada lake ni safi, na shahidi pekee hakuona. Adhabu: siku thelathini bila kazi, ambazo ameshazimaliza nyumbani, na mbwa yule wa mtoni ametajwa mara mbili.

Casey alikaa mbele ya meza, nywele amezilaza kwa maji. Mwanasheria wa mji alimuuliza mara tatu. Mara tatu alijibu, "Sikuona, bwana." Odessa Teague alikuwa safu ya mbele. Hakumwangalia Petrak hata mara moja. Alikuwa akimwangalia mwanao.

Sasa sikiliza mkuu wa polisi ana mamlaka gani. Sikuweza kumweka Petrak kwenye dawati, kwa sababu mkataba unasema eneo la doria huchaguliwa kwa ukongwe, na yeye ni mkongwe. Alichagua mwenyewe. Amechagua mitaa ya Kaskazini. Mlango wa Teague uko katikati ya mitaa hiyo.

Jumatano chama kilipiga kura ya kutokuwa na imani nami. Mia mbili na kumi na mbili dhidi ya tisa. Walipigia chini ya picha ya baba.

Nilikuomba barua moja tu kwa mwanao. Moja.

Leonard

—

Tucson
30 Machi 1984

Leonard,

Walter alifariki tarehe kumi na mbili, asubuhi, akiniomba nifungue dirisha ambalo lilikuwa wazi.

Nilipiga simu ofisini kwako. Msichana alisema uko kwenye kikao cha halmashauri. Nikampa ujumbe. Dolores alikuja, namshukuru, aliosha vyombo vya watu arobaini. Wewe ulituma maua madogo yenye kadi iliyoandikwa na karani.

Chama kilituma shada linalozidi urefu wangu. Frank Dunleavy alikuja mwenyewe, ndege mbili, na askari sita wa Veldon waliovaa sare kamili kwenye joto la hapa. Petrak alikuwa mmoja wao. Walibeba jeneza. Dunleavy alinishika mikono akasema, "Mama Haluska, mtoto wako hayuko peke yake." Nikaona Casey anasimama wima zaidi aliposikia hivyo.

Sina la kuongeza.

Irene

—

Veldon
22 Aprili 1984

Dada yangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Walter alinifundisha kuendesha gari na hakuwahi kunicheka. Nilipaswa kuwa pale. Wiki ile nzima halmashauri ilikuwa ikijadili kama nibaki kazini, na niliona nikiondoka nitakuwa nimejibu kwa niaba yao. Ndivyo nilivyochagua. Sina utetezi.

Sijui kama unataka habari za huku. Nilitoa amri ya kupiga marufuku tochi za chuma, zitumike za plastiki. Chama kikapeleka lalamiko: vifaa vya kazi ni jambo la majadiliano, mkuu hawezi kuamua peke yake. Wakashinda. Nilitaka Casey na Petrak wasikae gari moja. Chama kikapeleka lalamiko. Wakashinda. Nimekuwa mtu wa kutia saini ruhusa za likizo.

Meya aliniita. Ni mtu mwema, alikuwa mwalimu wa hesabu. Aliniambia waziwazi kwamba chama kikiwaambia watu wa mji kuwa yeye ni rafiki wa wahalifu, hatapita uchaguzi, na atakayempokea atakuwa mbaya zaidi. "Leonard, nisaidie tu tufike Novemba," alisema. Nikamuuliza baada ya Novemba itakuwaje. Akaanza kupanga kalamu zake.

Pasaka njema, kama inawezekana.

Mdogo wako

—

Tucson
15 Julai 1984

Leonard,

Nyumba ni kubwa kwa mtu mmoja. Nimegawa nguo za Walter isipokuwa koti la mvua, ambalo hapa halina kazi. Macho yangu yanachoka, utanisamehe mwandiko.

Mwezi uliopita Casey alipiga simu kama kawaida. Aliniambia habari za ngazi, za gari, halafu, kwa sauti hiyohiyo, kwamba yeye na Roy walimvunja taya mzee mwenye duka la vyombo vilivyotumika, huko mitaa ya Kaskazini, kwa sababu alikataa kufungua droo ya fedha. Nilimwita kwa jina. Akasema, "Mama, usiwe hivyo. Mtu unazoea." Kisha akauliza kama nimelipia bima ya nyumba.

Desemba alilia, Leonard. Juni hakulia.

Kwa hiyo nakuambia. Casey hakuwa kwenye redio. Petrak alimwambia amshike, naye akamshika yule dereva mikono kwa nyuma. Mtu alipigwa jicho akiwa ameshikwa na mwanangu. Aliniambia alihisi mifupa ya viwiko vyake. Aliniambia Teague alikuwa akisema, "Kijana, niachie nifunike uso tu." Hakumwachia.

Nilidhani nikinyamaza ninamtunza. Fanya unavyoona inafaa. Barua hii ina saini yangu.

Irene

—

Veldon
3 Septemba 1984

Dada Irene,

Dolores hajambo. Leo ni Siku ya Wafanyakazi, chama kimeandamana na bendi, nimeangalia kutoka dirishani.

Nilimwita Casey nyumbani. Tulisimama barazani. Nikamwambia najua. Aliuliza, "Unaniuliza kama mjomba au kama mkuu?" Nikasema kama mkuu. Akasema basi ana siku saba kabla ya kujibu, na mwanasheria wa chama, ndivyo mkataba unavyosema. Nikasema basi kama mjomba. Akatazama barabara, akasema, "Kama mjomba hujawahi kuniuliza." Akaondoka.

Nilimpelekea mwendesha mashtaka barua yako. Anagombea tena na chama kimeshamuunga mkono. Aliisoma amesimama. Aliuliza kama mama huyu atatoka Arizona kuja kusimama mahakamani dhidi ya mwanawe. Nikasema sitajibu kwa niaba yako. Akanirudishia.

Na kazini hakuna linalowezekana. Uamuzi juu ya Petrak haufunguliwi tena. Juu ya Casey, mkataba unasema lalamiko lisilofunguliwa ndani ya siku mia moja na themanini limekufa. Zilikwisha tarehe saba Machi. Na yule mzee aliyevunjwa taya amekataa kuandika lalamiko.

Unaona sasa. Uliponiandikia Januari kwamba kuna neno jikoni kwako, muda ulikuwepo. Nilipokuandikia kwa hasira tarehe mbili Machi, zilibaki siku tano, na simu ilikuwa mkononi mwangu. Sikukuambia. Nilijiambia wewe ndiye unayemficha, ili mimi nisilazimike kumshika.

Kuna zaidi, na bora ulisikie kwangu. Siku ile ya kahawa na keki, Teague aliniambia mwenyewe: "Mmoja alinipiga, mwingine alinishika. Mwenye nywele rangi ya mahindi. Alikuwa akitetemeka." Sikuliandika popote. Februari alilirudia mbele ya msuluhishi, na mwanasheria wa chama akamuuliza mtu mwenye damu machoni anaonaje rangi ya nywele. Watu wawili watatu walicheka. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake. Ningesimama niseme kwamba aliniambia hilo tangu Novemba. Nilikunja miguu.

Dunleavy hakunizuia kufungua mdomo. Mkataba haukunizuia. Nimemlaumu kila mtu mwaka mzima.

Nimejiuzulu, kuanzia mwisho wa mwezi. Watamweka mtu ambaye Dunleavy anampenda.

Leonard

—

Tucson
11 Novemba 1984

Mdogo wangu Leonard,

Nimeisoma barua yako mara moja na sitaisoma tena. Sikulaumu kuliko ninavyojilaumu, na hilo halimsaidii mtu. Dolores ameniandikia kwamba unashinda kwenye ghala la chini ya nyumba na redio. Toka nje, hata kama ni baridi.

Najua meya ameshindwa na mwendesha mashtaka amepita. Casey alinipigia kuniambia. Alikuwa na habari nyingine pia: wamemchagua kwenye kamati ya chama, mdogo kuliko wote, na mwaka ujao atakaa mezani mkataba ukijadiliwa upya. Sauti yake ilikuwa na furaha kama siku alipopata leseni ya gari. Nilimwambia hongera. Sikujua mama husema nini kingine.

Mwezi uliopita nilimwandikia Bi Odessa Teague. Sikukuomba ruhusa. Nilimwandikia yote, alichosema mwanangu na jinsi nilivyokaa nalo, na kwamba akitaka nije Veldon, mahali popote, mbele ya yeyote, nitakuja. Nilidhani hilo angalau ni langu kulitoa.

Jibu limefika jana. Mwandiko mzuri, wa mwalimu. Nakunakilia lote, si refu:

"Bi Haluska, barua yako nimeisoma. Alvin sijamsomea. Hakuna ulichoandika ambacho hakukijua. Siku hizi ameanza kulala mpaka asubuhi. Naomba usituandikie tena."

Nimeiweka kalamu chini, Leonard. Sitawaandikia.

Dada yako,
Irene